Sidi Mubarak Bombay: Mwungwana wa Njia ya Miguu

Lwiro iko yapata kilomita 45 kaskazini ya Bukavu, pembeni kidogo ya barabara ya taifa namba 2, ile inayopita Miti na Kavumu kuelekea Katana, Kalehe na Goma. Ndiko nilikokulia. Utotoni niliamini kwamba barabara ni kitu kinachokuja na gari. Mvua ikinyesha usiku kucha na malori yakakwama kwenye matope, wakubwa walisema kwamba leo hakuna barabara. Lakini asubuhi hiyohiyo bibi yangu mzaa mama alikuwa ameshaondoka na mzigo wa mihogo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, akaenda soko la Kavumu na jioni akarudi. Njia ilikuwapo. Kilichokosekana ni gari.

Nilikumbuka jambo hilo miaka mingi baadaye, nilipoingia kitivo chetu na kuanza kuona haya kwa ajili ya Kiswahili changu. Sisi wa Kivu tunasema ninaendaka pale ambapo vitabu vya sarufi vinataka huenda, na tunasema batu pale ambapo vinataka watu. Katika vitabu vya zamani vya wamisionari na maofisa wa Kibelgiji, lugha yetu inaitwa Kingwana. Mwenzangu mmoja alinitania kwamba Kingwana ni Kiswahili kilichochoka njiani. Sote tulicheka, lakini nilikwenda kutafuta neno hilo limetoka wapi. Limetoka kwa waungwana. Hilo ndilo jina walilojiita watu wa misafara waliotoka Unguja na pwani kwa miguu, wakavuka Tanganyika na kufika Manyema, na kuacha lugha yao huku. Nikaanza kusoma habari zao katika maktaba ya Lwiro wakati wa likizo. Katika watu hao wote, mmoja hakuniachia tena: Sidi Mubarak Bombay.

Naandika maisha yake bila kunukuu neno lake hata moja, na kuna sababu. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, alituachia maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. Bombay hakuacha maandishi. Kila neno linalosemwa kuwa lake limeandikwa kwa Kiingereza na mabwana aliowatumikia, mara nyingi kwa kumfanyia mzaha. Basi nitaeleza alichofanya, kwa kuwa safari zake zilionekana na wengi na zina tarehe.

Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji wa leo. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote. Alipokuwa kijana wa miaka kama 12, wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wamekopesha kijiji chao nguo walirudi na bunduki kudai malipo, wakateka watu badala ya deni. Alifungwa pamoja na wengine akatembezwa hadi Kilwa, kisha akavushwa hadi Unguja. Huko aliuzwa kwa Mwarabu mmoja, na bei yake ilikuwa nguo. Naomba msomaji aishike habari hii: safari ya kwanza ya mtu huyu, ambaye baadaye alisifiwa kwa safari zake, aliifanya akiwa amefungwa. Njia iliyompa kazi ndiyo iliyomtoa kwao.

Bwana wake alimpeleka Gujarat, upande wa magharibi wa India, na alikaa huko miaka mingi. Alijifunza Kihindustani. Jina la Bombay linatokana na mji ule, na Sidi ni jina ambalo Wahindi waliwaita watu wenye asili ya Afrika. Yule bwana alipofariki, Mubarak akapata uhuru wake. Angeweza kubaki huko kama walivyobaki maelfu ya wenzake, ambao wajukuu wao wanaishi India mpaka leo. Yeye alipanda chombo akarudi Unguja, akaandikishwa askari katika jeshi la Sultani, na kuwekwa katika boma dogo karibu na Pangani.

Hapo ndipo Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipomkuta mwanzoni mwa mwaka 1857. Burton alijua Kiarabu na alikuwa akijifunza Kiswahili. Speke hakujua hata kimoja, lakini alikuwa amehudumu katika jeshi la India na alizungumza Kihindustani. Bombay akawa mdomo wake na sikio lake. Speke akitaka kumwuliza mpagazi jambo, alimwambia Bombay kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza kuwa Kiswahili, na jibu likarudi kwa njia ileile. Lugha aliyojifunza utumwani ndiyo iliyompa mshahara.

Inafaa nieleze njia ile ilikuwaje, maana tukisikia njia ya misafara tunaweza kufikiria barabara pana. Haikuwa hivyo. Upana wake ulikuwa mguu wa mtu mmoja, na watu walifuatana mmoja nyuma ya mwingine, mstari ukawa mrefu kama nyoka. Magurudumu hayakutumika, na farasi, punda na ng'ombe walikufa ovyo kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo gari la nchi ile lilikuwa shingo na bega la mwanadamu. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30: nguo, ushanga au waya wa shaba wakati wa kwenda bara, pembe wakati wa kurudi. Mbele alikwenda kirangozi na bendera. Kila siku watu walipewa posho. Walipolazimika kuvuka pori lisilo na maji waliterekeza, yaani walikula mchana, wakaondoka alasiri na kulala njiani bila maji. Katika nchi ya Ugogo walitoa hongo kwa kila mtemi kabla ya kuruhusiwa kupita. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa halali wa mwenye nchi. Leo neno hilo lina maana nyingine, na yeyote aliyesafiri kwa basi hapa kwetu na kusimamishwa kwenye kizuizi cha kamba atajua kwamba maana imebadilika kuliko jambo lenyewe.

Msafara wa Burton na Speke uliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Februari 1858 ulifika Ujiji. Kutoka hapo, mwezi Aprili, walipanda mitumbwi kwenda kaskazini mpaka Uvira. Kwa hiyo Bombay alifika katika jimbo letu la Kivu Kusini miaka 27 kabla ya Leopold wa Ubelgiji kupata dola yake ya Kongo.

Walikuja Uvira kwa ajili ya mto mmoja, na mto huo ni Rusizi, ambao kila mtu wa Bukavu anaujua. Swali lilikuwa moja: je, unatoka Tanganyika au unaingia Tanganyika? Kama ungekuwa unatoka kuelekea kaskazini, huenda Tanganyika ingekuwa chanzo cha Nile, na sifa ingekuwa yao. Kabla ya hapo Speke alikuwa amezungumza na mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu upande wa pili wa ziwa, Hamed bin Sulayyim, akarudi na habari njema kwamba mto unatoka. Ni Bombay aliyemfahamisha Burton kwamba Speke alielewa kinyume, na kwamba yule mzee alisema mto unaingia. Pale Uvira watoto wa chifu wakathibitisha kuwa unaingia. Waendesha mitumbwi walikataa kuendelea hadi mdomoni mwa mto, kwa hiyo hakuna aliyeuona kwa macho yake mpaka Livingstone na Stanley walipofika mwaka 1871. Bombay alikuwa sahihi. Mwanafunzi wa lugha akisoma habari hii hawezi kuisahau: ramani ya nusu ya bara ilining'inia kwenye tofauti ya vitenzi viwili, na aliyeishika tofauti hiyo ni mtu aliyekodiwa kubeba bunduki.

Agosti 1858 alikuwa na Speke walipoliona ziwa Nyanza upande wa kusini. Oktoba 1860 aliondoka naye tena, safari hii pamoja na James Grant, wakapita Karagwe kwa Rumanyika, wakafika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Huko minyororo ya lugha ilirefuka. Speke alisema kwa Bombay, Bombay akasema kwa Nasibu aliyejua Kiganda, na Nasibu akampa maneno yake mtu wa baraza ili yamfikie Kabaka. Julai 1862 Speke aliuona mto ukitoka katika Nyanza, na Februari 1863 walifika Gondokoro, kisha wakateremka na Nile mpaka Kairo. Kutoka Misri, Bombay na wenzake waliobaki walirudishwa Unguja kwa meli. Walikuwa wameondoka Bagamoyo kwa miguu na kutokea Kairo.

Katika safari hiyo Speke alimpiga ngumi za uso mbele ya watu wake, na mwenyewe ameliandika jambo hilo. Miaka minane baadaye alikuja Henry Morton Stanley kumtafuta Livingstone, akamfanya Bombay mkuu wa askari wa msafara, na yeye pia alimpiga. Siandiki haya ili tumhurumie. Nayaandika kwa sababu kila mmoja wa wazungu hao alimwona mzito, mlevi au mbishi, kisha akamwacha aongoze. Hawakuwa na lingine. Yeye ndiye aliyejua visima viko wapi, mtemi gani anakubali nguo gani, na wapagazi wakigoma waambiwe nini ili wanyanyue mizigo tena.

Safari ya Stanley inaonyesha pia kwamba njia si ardhi peke yake. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alipigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Njia haikuwa imeharibika, mito haikuwa imefurika, lakini haikupitika. Stanley alizunguka mbali kusini na kufika Ujiji mwezi Novemba. Sisi wa Kivu hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Tumeishi miaka ambayo Kavumu ilikuwa palepale na Bukavu palepale, na hakuna aliyethubutu kupita katikati.

Safari yake ndefu kuliko zote ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1873 luteni Verney Lovett Cameron aliondoka Bagamoyo, na Bombay akiwa kiongozi wa watu wake. Oktoba, wakiwa Tabora, walikutana na Susi na Chuma wakiwa na maiti ya Livingstone, wakiibeba kuelekea pwani. Cameron alishauri azikwe palepale. Susi na Chuma walikataa, wakaendelea. Msafara wake ukasonga mbele: Ujiji Februari 1874, kisha mdomo wa mto Lukuga, kisha Manyema, na mnamo Agosti ukafika Nyangwe kwenye mto Lualaba. Walikosa mitumbwi ya kuteremka na mto. Tippu Tip aliwasaidia kuvuka, wakaelekea kusini katika nchi ya Waluba, ambako walisubiri miezi mingi kwa mfalme Kasongo Kalombo. Kutoka huko walifuatana na msafara wa Alvez, mfanyabiashara wa Angola, ambao ulikuwa umejaa watumwa waliofungwa kamba. Novemba 1875 walifika Katombela, karibu na Benguela. Bombay aliiona bahari ya Atlantiki. Alikuwa amevuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi kwa miguu.

Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu nilipokuwa nasoma. Mtoto aliyefungwa kamba katika nchi ya Wayao alitembea, akiwa mzee wa miaka 50 na zaidi, pamoja na mstari wa watoto wengine waliofungwa kamba. Cameron aliandika kwamba mambo hayo yalimchukiza. Alichokiona Bombay moyoni hakikuandikwa na mtu. Najua tu kwamba aliendelea kutembea, na kwamba yeye mwenyewe, kama viongozi wengine wa misafara, aliwahi kuwasimamia wapagazi kwa fimbo. Nilitaka shujaa aliye safi, na sikumpata.

Vivyo hivyo kwa neno letu. Mwungwana maana yake ni mtu huru. Wengi waliojiita hivyo kwenye misafara walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana wao, au watu walioachwa huru kama Bombay. Walivaa kanzu, walisema Kiswahili, wakajiita huru mbele ya watu wa bara hata kama pwani hakuna aliyewaita hivyo. Kwa wale wa Manyema waliochomewa vijiji vyao kwa ajili ya pembe na watumwa, jina hilohilo lilimaanisha bunduki. Lugha yetu imebeba mambo yote mawili: hamu ya mtu ya kuitwa huru, na hofu ya yule aliyemwona akija.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa Bombay medali ya fedha, na mwaka 1876 ikamwekea pensheni ya maisha. Hakufika Uingereza kamwe. Aliishi Unguja mpaka alipofariki mwaka 1885. Wanaokadiria safari zake wanasema zilifikia kilomita 9,600 hivi, nyingi kati ya hizo kwa miguu.

Mwaka huohuo wa 1885 mkutano wa Berlin ulimalizika, na Leopold wa Ubelgiji akapata dola yake ya Kongo. Stanley alikuwa ameshamtengenezea njia ya kupita kando ya maporomoko ya mto Kongo, na baadhi ya vibarua wake walikuwa Wangwana alioajiri Unguja. Kwa kazi hiyo alipata jina la Bula Matari, mvunja mawe, ambalo baadaye likawa jina la serikali yenyewe. Ikafuata reli ya Matadi hadi Léopoldville, iliyokamilika 1898, kisha reli za upande wetu: Kindu hadi Kongolo mwaka 1911, na Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915. Barabara za magari zilikuja baadaye, na nyingi zilichimbwa kwa kazi ya shuruti. Upagazi haukuisha kwa sababu gari lilizaliwa. Kwa muda mrefu uligeuzwa tu kutoka kazi ya mshahara kuwa amri ya serikali.

Nikitazama ramani ya barabara za Kongo ya mashariki leo, naona kwamba injinia alikuja wa mwisho. Kabla yake walipita watu waliokwisha kujua mlima unapandwa upande gani na mto unavukwa wapi, na waliojua hayo kwa lugha fulani. Neno barabara lenyewe limetembea: Walingala wanaita balabala. Kiswahili hakikuletwa Kivu na kitabu. Kililetwa na watu wanaoomba maji, wanaouliza bei ya mihogo na wanaogombana kuhusu posho. Kama kimebadilika njiani, ni kwa sababu kila mahali kilipolala usiku kiliokota neno. Basi mwenzangu alisema kweli kidogo aliponitania: kimetembea sana. Ila sioni kwamba kimechoka.

Mwaka jana niliporudi Lwiro nilimsimulia bibi maisha ya Bombay, kwa Mashi, kwa kuwa ndiyo lugha anayoipenda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua mambo mawili: mzigo ulikuwa kilo ngapi, na je, walilipwa. Nilimjibu kwamba ulikuwa zaidi ya kilo 30, na kwamba mara nyingine walilipwa. Akatikisa kichwa kama mtu anayeifahamu kazi hiyo. Alama ya kamba bado iko kwenye paji la uso wake. Hakuna jumuiya iliyompa medali, lakini barabara ya Kavumu ikikatika kesho, nafahamu ni akina nani watakaofika sokoni.